Mama na Mkwe Chini ya Paa Moja

Busia, Alhamisi, Agosti 1965

Bado nasikia simu ikibwagwa: tak! "Familia ya watu kumi na wanne? Dada, hilo ni kanisa." Hoteli ya tatu ya Kampala kutukataa, nami nimesimama posta ya Tororo tangu asubuhi.

Ya nne ilikubali. Sote pamoja, kwa mahafali ya kaka! Nikapanda basi kurudi kumwambia Mama.

"Na mume wa dada yako atalala wapi?"

"Ghorofa ya juu, Mama. Mbali nawe."

"Juu, chini, paa si moja? Nilale paa moja na mkwe wangu? Nendeni tu, mimi nabaki."

Shule yote ile niliyosoma, na nilisahau mwiko ambao kila mtoto hapa anaujua. Nilimkasirikia Mama, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Kaka atavaa joho siku moja tu. Mama asipomwona...

Sikubishana. Nilivuka mpaka hadi dukani kwa shemeji, nikamwambia waziwazi atafute pengine pa kulala.

Akashusha pumzi. "Asante, shemeji. Nilikuwa nimeshapanga kuugua siku ya safari."