Chaza Sita Aliokula Atija

Palma, Ijumaa baada ya swala

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili lipelekee goti lako la kushoto, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua kama utakwenda sokoni. Linapona? Unalipaka yale mafuta niliyokutumia? Mimi mwili mzima, nimenenepa hadi shati la sikukuu ya Idi halifungi. Kilichokonda ni moyo. Ningepiga simu, lakini ungejua kwa sauti yangu kwamba nina hofu kabla sijamaliza salamu, na Atija angesikia. Kwa hiyo nakuandikia kwa mwandiko wangu wa darasa la sita. Barua atakuletea muuza vitenge anayevuka mpaka pale Namoto kesho.

Kazi yangu ya hotelini kule kisiwani unaijua. Nimepanda kutoka kuosha masufuria mpaka kufungua chaza, na pwani hii yote hakuna mkono kama wangu. Mtaliano mmoja alinipiga picha. Chaza namshika kwa kitambaa, natia kisu penye bawaba, nazungusha mara moja, tayari yuko uchi anasubiri ndimu. Wageni wanamla mbichi huku wamefumba macho kama wanaomba dua. Mke wangu Atija nimemsimulia hayo mwaka mzima. Nilimwambia ninyi watu wa huku chaza mnamchemsha mpaka anakuwa kandambili, hamjui dunia inakula nini.

Basi mimba imefika miezi saba, ikamchagulia. Akataka chaza mbichi, si kingine. Ningekataaje, mimi niliyejisifu hivyo? Jumanne nikapata likizo, nikaja na ndoo nzima kwenye boti, juu yake gunia bichi, juu ya gunia jua. Hotelini wanalala kwenye barafu, lakini kwangu barafu itoke wapi?

Nikatandika mkeka uani, nikavaa aproni nyeupe, majirani wakajaa mlangoni. Wa kwanza nikampa Momade, kaka yake Atija. Akamkamulia ndimu, chaza akanywea.

"Shemeji," akasema, "huyu bado ananiangalia." Akanirudishia ganda langu.

Watu wakacheka, na mimi nikazidisha maneno. Sasa sikiliza kosa langu. Chaza hugongwa mmoja mmoja kabla ya kufunguliwa. Aliye hai ukimgonga anajifunga, anayebaki wazi amekufa, unamtupa. Kwa kelele zangu sikumgonga hata mmoja. Mimi nikala kumi na wanne. Atija akala sita.

Alasiri naosha kisu, ndipo nikamkumbuka chefe, mkuu wetu wa jikoni, mama mmoja wa Pemba ya huku. Kila siku kabla chaza hawajatoka huuliza kama mezani kuna mjamzito, na akiwepo, chaza wake wanapikwa. Nilikuwa namwona mwoga.

Jumatano asubuhi Atija akaamka na homa, tumbo linamkata. Tumbo langu mimi, mla kumi na wanne, kimya, hata aibu halina. Nikampakia kwenye pikipiki mpaka postu ya afya. Muuguzi akampa vidonge na maji ya chumvi na sukari, akasikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto unapiga, ila asipocheza hadi kesho adhuhuri tumpeleke hospitali kubwa. Mama, siku ile hakucheza.

Jana asubuhi bado kimya. Pikipiki ilikuwa tayari nje. Nikakaa kitandani, mkono juu ya tumbo lake, nikakiri yote: jua, ndoo, kugonga, maneno ya chefe.

"Yule wa nne alikuwa amekufa," Atija akasema. "Nilimjua alipoingia mdomoni."

Nikamuuliza amemjuaje. Ndipo akanieleza kwamba kwao Mucojo, kabla hawajakimbia vita, alikuwa akienda miambani na bibi yake maji yakitoka. Wanavunja chaza kwa chuma, wanakula pale pale, mbichi, chumvi yake bahari. Tangu hajaota meno ya pili. Alikuwa anatamani wale wa bibi yake. Mwaka mzima namfundisha mtu jambo alilokulia, Mama. Ya Mucojo hajawahi kunisimulia, na mimi kwa kusema sana sijawahi kumuuliza.

"Sasa kwa nini ulimmeza?"

"Watu wote walikuwa wanakutazama wewe."

Nikagonga tumbo lake kwa kidole, polepole, kama ninavyogonga ganda. Kimya. Nikagonga tena. Mara ya tatu mtoto akajikunja, akanisukuma kiganja. Atija anasema sikutamka neno, na kwamba ni mara yake ya kwanza kuniona hivyo.

Leo mtoto anacheza, lakini homa imeshuka tu, haijaisha, na mimi bado naogopa. Nagonga mpaka Atija ananipiga mkono. Wewe umepokea watoto wa mtaa mzima. Goti likikuruhusu, njoo umshike tumbo kwa mikono yako. Nitakungoja Namoto na pikipiki, nitaendesha kama nimebeba mayai. Lisipokuruhusu, mpe muuza vitenge maneno ya kunirudishia, hata yakiwa ya kunitukana.

Nisalimie dada yangu muuza maandazi, na mjomba fundi cherehani, ila yeye mwambie tu kwamba tunamwombea, barua usimsomee, maana ataisimulia kwa kila mteja. Atija anakupa shikamoo. Anadhani nakuandikia habari za goti.

Ni mimi mwanao, ambaye leo sina la kujisifu,
Shaibu