Duriani la Baba

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ila roho haijatulia. Mama jirani kaniambia kidonda cha mguuni bado hakijapona, na kwamba siku hizi unamaliza mtungi wa maji peke yako. Nenda hospitali, nakuomba. Mama alituachia mzazi mmoja tu, na ninamtaka na miguu yake yote miwili.

Kitindamimba wako

11 Machi

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mgonjwa ni huyo jirani, ana homa ya mdomo.

Hospitali ya nini, na mduriani uko nyuma ya nyumba? Majani nachemsha nanywa, homa inatoka mbio. Maganda nachoma, mbu wanahama. Kidonda nakikanda kwa maji ya mizizi, kama babu yako, naye tulimzika na miguu yote. Tunda lenyewe nakula asubuhi na jioni kuongeza nguvu. Nakutumia moja kwa basi. Likinuka usishangae, ndiyo dawa yenyewe hiyo.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Dawa imefika. Kondakta aliniletea ameining'iniza kwenye fimbo.

Nililificha duriani lako dukani, chini ya meza ya kukatia. Bibi harusi alikuwa anajaribu gauni. Harufu ilipomfikia alikimbia na gauni mpaka barabarani, pini zote mwilini. Bosi akadhani gesi inavuja, akaita fundi wa gesi. Fundi akainama chini ya meza, akaniuliza limekufa lini. Gauni bado liko uani linapigwa upepo, na mimi nimeponea chupuchupu kufukuzwa kazi.

Nilicheka, Baba, halafu nikalia. Sikuandikii tena mpaka daktari auone huo mguu.

Kitindamimba

14 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Umerithi kununa kwa mama yako, naye alikuwa bingwa. Mguu unaendelea vizuri, unauma kidogo tu ninapokanyaga.

Baba

9 Mei

Mwanangu, mama yangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Nakuandikia kutoka kitanda cha hospitali. Kaa chini kwanza. Mguu upo.

Unajua duriani letu halichumwi, linaiva likaanguka lenyewe, nawe unalisubiri. Basi nililisubiri, nimekaa kigodani, mguu ndani ya beseni la dawa, usingizi ukanipitia. Likaniangukia begani na miiba yake yote. Jirani alinipakia kwenye pikipiki, mimi napiga kelele kwamba bega ni dogo, nirudisheni.

Daktari alilishona bega haraka haraka, kisha akauona mguu, akaagiza nipimwe damu papo hapo. Sikuipenda sauti yake. Ni sukari, mwanangu. Ningechelewa kidogo, mguu ungekatwa. Niliogopa, sikufichi, na nilitamani uwepo.

Sasa kidonda kimeanza kufunga. Nimemwambia daktari kuwa duriani ndilo lililonileta hapa, kwa hiyo duriani ndilo lililoniponya. Akacheka mpaka akavua miwani, halafu akanipiga marufuku kulila.

Na msimu ndio kwanza umekolea! Jirani anaokota kila asubuhi, mimi siruhusiwi hata kulamba kokwa. Kuyaacha yaoze siwezi. Yote yanakuja kwako, kwa basi la kesho. Mwambie bosi afungue madirisha.

Baba yako wa miguu miwili