Valvu Ulizozitia kwa Mkono Wako

Mjomba Hamisi,

Shikamoo nimeiacha nje ya barua hii. Uliniita mwizi mbele ya watu, ukafa bila kulifuta neno hilo. Siwezi kukuamkia kama kwamba hapakuwa na kitu.

Lori lako linakwenda. Ninaliendesha mimi. Mkeo, Bi Somoe, alipomaliza eda alinifuata kambini kwenye mkonge, akasema hana mwingine wa kumwamini. Nilirudi kwa ajili yake, si yako.

Safari ya kwanza tu, tunapeleka chumvi Mtama, petroli ikatuishia mlimani. Vilevile kama zamani. Vilevile kama siku ile uliponikamata ukosi pale Mtanda, watu wanatoka msikitini, ukasema, "Petroli yangu unaiuza njiani, Saidi. Mtoto wa dada yangu, mwizi." Nilikuomba tufungue injini. Ukanijibu umeifunga mwenyewe, haina ugonjwa. Haukupita muda, baba yake Zuhura akarudisha posa yangu. Alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mwizi. Zuhura yuko Sudi sasa, ana mume, ana mtoto.

Safari hii sikuomba ruhusa ya mtu. Nikafungua.

Valvu, ile milango midogo ya chuma inayoingiza petroli na kutoa moshi, hazikuwa za lori lile. Ulizing'oa kwenye gari jingine bovu ukazipachika. Vichwa vyake ni vyembamba, na ukingo wake umechongwa mshazari mwingine kabisa, haukai kwenye kiti chake. Mlango usiokaa haufungi. Moto ukiwaka ndani ya silinda, nguvu inapenya pembeni, na ule ukingo mwembamba umeungua hata ukamegeka. Dereva afanyeje? Anakanyaga mafuta. Lori linakunywa, mlima haupandiki, anakanyaga tena. Petroli yako ilitokea kwenye bomba la moshi, mjomba. Ulikuwa ukiinusa kila siku.

Wewe ndiye uliyenilaza sikio juu ya boneti nikiwa mdogo, ukaniambia, "Sikiliza. Gari halisemi uongo." Nilikupenda siku ile. Sijui nikufanyeje kwa hilo.

Nilidhani hukujua. Nilitaka sana iwe hukujua. Nikampelekea Bi Somoe valvu moja iliyoungua, akaitazama, akakaa chini. Akasema, "Nilimwambia aifungue. Akanijibu, bora watu waseme Saidi mwizi kuliko waseme Hamisi hajui gari."

Basi. Ulijua, au ulihisi, ukaona mimi ndiye wa kutupwa.

Nimetia valvu zinazolipasa lori, nimezisaga mpaka zikakaa. Tulikwenda Mtama tukarudi na petroli inachezacheza ndani ya tangi. Bi Somoe alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno.

Kesho tunakusomea khitma. Ameniomba niseme nimekusamehe, ulale salama.

Kwaheri, mjomba. Nakuahidi mkeo hatalala njaa, na lori lako halitalala porini. Kwenye khitma nitakuwapo, nitawanawisha wageni mikono, nitapakua wali. Wakifika mahali pa kukuombea msamaha, nitatoka nje nikaangalie maji ya rejeta.

Mpwa wako,
Saidi