Kwa Nini Chiriku Alikuwa Akitazama Mvua

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa na ngazi unazipanda bila kumlaani aliyezijenga. Sisi huku ni wazima, ingawa neno hilo itabidi nilirudie. Ukifika chini utakuta mistari miwili imepakwa wino. Nakujua, utaanza kushuku. Vumilia kwanza.

Ulipomleta binti yako akae kwangu asome chuo, uliniambia nimwangalie kwa macho mawili, na la tatu niazime. Nimelitumia hilo la tatu kupita kiasi. Mtoto tuliyempa jina la Chiriku kwa kutofunga mdomo, huku kwangu akawa kimya. Chakula anakigusa tu. Na simu, dada! Kila nikipita nyuma ya kiti chake kidole kinaruka, nami nakuta anatazama hali ya hewa. Asubuhi hali ya hewa, mchana hali ya hewa. Shamba hana, na hata nguo hafui yeye. Nikajiambia msichana wa miaka kumi na tisa haulizii mvua bure. Huyu ana safari, na wa kusafiri naye yupo. Ndiyo maana uliponipigia kuuliza kama kuna mwanamume, nilikujibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nisamehe kwa usingizi niliokunyima.

Siku moja alipokuwa anaoga, nilifungua mkoba wake. Ndiyo, mimi, mtu mzima na mvi zangu. Nilikuta kikaratasi chenye mwandiko wake: “Wahusika ni nani? Mama? Mjomba?” Mjomba ndiye mimi. Wahusika wa nini? Nikakirudisha, na tangu siku hiyo nikawa namhoji hata mlinzi wa geti.

Sasa, kazi yangu unaijua. Ofisi yetu inawashauri vijana waliolemewa na mawazo, nami ndiye mwandishi wa tovuti yake, zile kurasa wanazosoma kwenye simu kabla hawajapata moyo wa kututafuta. Wiki iliyopita tuliwaita vijana wachache waijaribu. Mmoja alikuwa msichana asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Ikasoma sentensi niliyokuwa nikiionea fahari, kwamba taarifa za mteja ni siri, isipokuwa pale wahusika watakapolazimika kujulishwa. Akaisimamisha, akauliza hao wahusika ni nani. Ni mama yake? Ni mwalimu? Nilianza kumweleza, nikajikuta natafuna maneno. Akasema kama mwandishi mwenyewe hajui, yeye asingethubutu kupiga simu. Kisha akabonyeza kitufe cha kutoka haraka, kile cha kumsitiri kijana mtu anapomkaribia ghafla, na simu yake ikatangazia chumba kizima: hali ya hewa, mawingu kiasi, manyunyu jioni.

Nikaikumbuka simu ya Chiriku. Mimi ni wa maneno tu, vitufe ni vya fundi. Nilipomuuliza kwa nini kitufe kinampeleka mtu huko, alicheka, akasema hakuna mzazi atakayemshuku mtoto anayetazama mvua. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba yupo mmoja.

Ninalokuungamia ni hili. Wiki tatu nzima mwanao alikuwa akizisoma kurasa zangu, akibisha mlangoni kwangu, nami nimesimama kwenye mlango huohuo namvizia. Sentensi yangu ndiyo iliyomzuia kuingia. Siku hiyohiyo niliifuta, nikaandika: “Hatutamwambia mzazi wala mlezi bila idhini yako, ila maisha ya mtu yakiwa hatarini, na hata hapo tutakueleza wewe kwanza.” Niliporudi nyumbani nilimwambia Chiriku yote, pamoja na habari ya mkoba. Alikasirika, na alikuwa na haki. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaja jikoni mwenyewe, akavuta kigoda, akaniambia kwamba
. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .
. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Ameanza kumwona mshauri, si wa ofisini kwetu, nami simuulizi wanazungumza nini. Aliyokubali uyajue ni haya: hakuna mwanamume, hakuna safari, hana kinyongo nawe, na Jumapili atakupigia. Akinyamaza kwenye simu, nyamaza naye.

Msalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Barua hii Chiriku ameisoma kabla yako. Mistari hiyo miwili kaifuta kwa mkono wake, mimi nikamshikia karatasi isiteleze. Nakuomba, dada, usiiinue kwenye mwanga wa dirisha. Najua utatamani. Mimi ningeiinua.

Ndimi mdogo wako,
mwenye jicho la kuazima, ambalo nalirudisha kwako pamoja na barua hii.