Rangi Chini ya Nati

Kaka Verne,

Huku Oregon mvua haijakatika, na paka wako amehamia kwa jirani. Mama hajambo.

Pale kiwandani kwetu walisema umeme ulikupiga kwa sababu ulishika kitufe cha msumeno kwa mikono iliyolowa. Jana nilifungua kisanduku cha kitufe hicho. Waya wa ardhini, ule wa kumkinga mtu, umefungwa juu ya rangi, haugusi chuma hata kidogo. Walipaka rangi kupokea wageni, wakasahau kukwangua penye nati. Nikaanza kukwangua visanduku vyote.

Meneja Burkett akaja juu: "Doreen, unaniharibia rangi yangu."

Nikamwambia, "Kimebaki kimoja. Lowesha mkono, ukakishike."

Alirudi ofisini bila kukigusa. Wewe rudi nyumbani; kosa halikuwa lako.

Ni mimi dada yako,
Doreen