Neno la Jiwe la Hopar

Gyumri,
4 Machi 2018

Mpendwa dada Arusyak,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo bado imeng'ang'ania madirisha yetu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mguu uliovimba umepona, au bado unapanda nao ngazi za Krasnodar kwa ukaidi? Sisi wazima. Mama yako Siranush anakohoa kidogo, lakini ukimwambia apumzike anakutimua jikoni kwa mwiko.

Jiwe la kaburi la baba yako liko tayari. Limebaki kuandikwa tu, na tunataka lisimame kabla ya Jumatatu ya wafu, baada ya Pasaka. Maneno uliyotuma, "Baba yetu Serob", nimempa fundi Varazdat. Nikamwomba aongeze chini yake neno moja kwa ajili yangu: hopar. Ndivyo nilivyomwita ami yangu huyo tangu nilipoletwa kwenu ndani ya blanketi, tetemeko la ardhi lilipowachukua baba na mama yangu.

Fundi akakataa katakata.

"Dada, hilo ni neno la uchochoroni. Vitabuni ni horeghbayr. Watu wa Yerevan wakipita makaburini watasema Varazdat hajui kusoma!"

"Kaburi la mtu wa Gyumri, Yerevan inahusikaje?"

"Niletee ruhusa ya mtoto wa marehemu, kwa mkono wake. Hapo nitachonga hata jina la paka wenu."

Nikabaki najiuliza, hivi neno hili lilitoka wapi? Unanijua, nikianza kudadisi situlii. Nikaenda kwa mwalimu Perchuhi, yule aliyetufundisha Kiarmenia sote wawili. Alinicheka kwanza, kisha akateleka kahawa.

Kumbe ni maneno mawili! Hor ni "wa baba", na aghpar ndiyo "ndugu" kwa matamshi yetu ya huku. "Sisi wa Gyumri tuna haraka," mwalimu akasema. "Tumelitafuna katikati mpaka limebaki hopar. Na ukitia s mwishoni, hopars, umeshasema ni wangu. Huhitaji neno jingine."

Kahawa ilinipolea mkononi. Dada, miaka yote hiyo, kila nilipomwita baba yako, nilikuwa namtaja na baba yangu pia.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijapata kulisema. Nilipokuwa na miaka sita, siku ya kumkumbuka baba yangu, wakubwa waliinua glasi kimya bila kuzigonganisha, kama ipasavyo kwa wafu. Mimi sikujua. Nikaigonga glasi ya baba yako kwa glasi yangu ya juisi ya aprikoti, nikasema, "Maisha marefu, baba!" Baba yako akaiweka glasi yake chini. "Hapana, Knarik jan, mpenzi. Mimi ni hopar wako. Usiniite hivyo tena." Nikakimbilia nje.

Tangu siku ile nina kinyongo naye. Alininunulia viatu sawa na vyako, akanisomesha, akalia harusini kwangu, na bado moyoni nilisema mtoto wake ni Arusyak, mimi nimefikia tu. Sasa nadhani alikuwa anamtunzia ndugu yake nafasi yake. Nadhani tu, sina uhakika. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulibaki mezani. Alisema nini nilipotoka? Niambie ukweli, hata kama utaniuma.

Na ile ruhusa, niandikie kwa mkono wako: juu Baba, chini Hopars. Ukiona neno langu litakupunguzia baba yako, sema tu, nitaliacha na sitanuna. Sawa, nitanuna kidogo.

Msalimie shemeji Gagik, na Mane, na Tigranuhi mdogo. Hivi huyo mdogo anamwitaje kaka wa baba yake huko kwenu, kwa Kirusi au kwa lugha yetu? Nataka sana kujua.

Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani, na akupe mguu wa kukuleta Pasaka.

Wako akupendaye daima,
Knarik

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimejitia ujasiri kumwuliza mama yako. Hakuacha hata kukoroga sufuria. Amesema baba yako alinifuata, akanikuta nimelia mpaka nimelala kwenye ngazi. Akanibeba. Akaangalia huku na huku kama mwizi, kisha akaniita mwanangu, mara moja tu, mimi nikiwa sisikii.