Malkia kwenye wifi yetu

Shoga, ule umbea kwamba mume wangu anamgawia mshonaji wa jirani wifi yetu ya intaneti uliniganda kichwani.

Leo simu yangu mpya ikakataliwa kuingia kwenye wifi. Nikamwita fundi wa wifi, akafungua orodha ya simu zilizounganishwa: "Mama, kisanduku cha wifi kinazipa namba ya kuingilia simu kinazozijua tu. Huyu Malkia ana namba ya kudumu."

Malkia!! Ndani ya nyumba yangu!!

Nikamvaa mshonaji mbele ya wateja: "Wewe ndiye Malkia wa mume wangu?"

Kurudi, fundi ameshampigia mume wangu kumuuliza, naye fundi anacheka: "Malkia ni jina ambalo mumeo aliipa simu yako ya zamani, anayoichezea binti yako."

Malkia ni mimi, shoga. MIMI.

Usije ukafanya haya:
- kuamini umbea
- kubadili simu bila kumwambia mume
- kumtukana mshonaji aliye na gauni lako